Malindi si Diani, wekeni bendera msimu wa kusi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Nataka kuongea na wenzangu wa sefing, mchezo wa kupanda mawimbi kwa bodi, ambao si wageni wa bodi, yaani mtu ashajua kusimama, ashajua kukata kona kidogo, sasa povu halimtoshi anataka wimbi lenyewe. Huyo ndiye ninayemhofia, maana anayeanza anaogopa, haendi mbali.

Mtu anatoka Diani au Watamu, kule mwamba unavunja mawimbi yakiwa bado mbali, akifika Malindi anadhani bahari ni ile ile. Si ile ile jamani. Kwenye ghuba yetu mwamba umekatika, Mto Sabaki unamwaga maji matamu na tope na matumbawe hayastahimili hayo, kwa hiyo kusi ikivuma, mwezi wa 5 mpaka wa 9 hivi, mawimbi yanakuja moja kwa moja mpaka mchangani. Raha ipo, sikatai, ukianguka hukatwi na mwamba. Lakini mchanga unahama, fungu la mchanga ulilolijua wiki jana leo halipo, na siku za bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji yakipwa wimbi linaporomoka lote kwa mpigo, huna pa kukimbilia.

Kubwa zaidi ni mkondo. Maji yaliyoruka fungu lazima yarudi nje, yanapita kwenye mlango kati ya mafungu, na hapo ndipo panapoonekana pametulia, hakuna povu. Mi mwaka jana mwezi wa 7 nilipita hapo makusudi unipeleke nje haraka, kamba ya mguuni ikakatika bodi ikaenda zake, nikapiga mikono kurudi pwani mpaka mabega yakafa ganzi na siendi popote. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa anashona nyavu ndo alinipigia kelele, "Pita kando mwanangu, pita kando!" Nikaogelea sambamba na ufuo, mbali kidogo tu, maji yakaniachia.

Siku ile sikuona bendera wala kibao. Ombi langu kwa wahusika ni bendera nyekundu penye mkondo msimu wote wa kusi, na zisikitwe mara moja zikaachwa, zihamishwe kila asubuhi kwa sababu mlango nao unahama. Wapeni wavuvi kazi hiyo na muwalipe, wao wanausoma mchanga kila alfajiri wakishusha ngalawa. Yule mzee nilimuuliza, akasema akiitwa hata kesho anaanza.

Msomaji wenu,
Malindi