KUH: MALALAMIKO KUHUSU KAZI MBOVU YA KUANDAA UWANJA WA BANDA, NYAMASARIA

Kwa Meneja,

Naandika kwa heshima, ingawa heshima yenyewe sikuiona kwa watu mliowatuma kwangu Nyamasaria kuniandalia mahali pa kusimamisha banda nyuma ya nyumba.

Makubaliano mnayo na sahihi yenu iko chini yake. Nitataja kipengele kimoja tu, kile mlichokivunja: udongo mweusi uchimbwe sentimita 30, uzolewe wote, kisha maramu imwagwe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ilowanishwe na kushindiliwa kwa mashine. Aliyejenga huku kwetu anaujua udongo huu. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Ndiyo sababu niliwaita ninyi badala ya vijana wa mtaani na majembe yao.

Watu wenu walichimba kina cha kiganja, wakamwaga maramu yote kwa mkupuo mmoja na kuikanyaga kwa gambuti. Mashine ilibaki juu ya lori. Nikaweka ubao mrefu na pimamaji juu yake, kiputo kikakimbilia upande ulio mbali na ukuta wa nyumba, yaani uwanja umeinamia nyumba. Nikamwita msimamizi aone mwenyewe. Akacheka: "Mama, nenda utuchemshie chai. Mambo ya udongo tuachie wanaume."

Chai walikuwa wameshakunywa. Na mkate.

Mvua iliyofuata wala haikuwa kubwa. Maji yakateremka hadi ukutani, yakatuama, na kona ya nyuma ikatitia. Fundi wa kusimamisha banda alipofika alikanyaga kona hiyo, kiatu kikazama, akafunga vifaa vyake akaenda. Arubuni yangu amebaki nayo, na simlaumu. Mbao na mabati vimejaa verandani, magunia ya chakula cha kuku yako sebuleni, na wageni wanayaruka.

Nimepiga simu ofisini kwenu. Binti anayepokea ni mpole, kila mara ananiambia nitapigiwa. Na ninyi hao hao, kabla lori halijafika kwangu, mlikuwa mkinipigia asubuhi na jioni mkiuliza malipo ya kwanza yatatumwa lini!

Lakini hilo la chai bado limenikaa kooni. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi mlangoni anachambua mboga, akasikia yote. Msimamizi wenu alininyang'anya pimamaji mkononi, akaigeuzageuza, akasema imeharibika, akaitupa kwenye rundo la udongo mweusi, rundo ambalo hadi leo hamjalizoa. Kioo kikavunjika. Vijana wake, wadogo kuliko kitinda mimba wangu, wakaangua kicheko. "Nenda utuchemshie chai." Kwangu, mbele ya mkwe, na kwa pesa zangu!

Nilipoanza barua hii nia yangu ilikuwa kuwaomba mrudi mrekebishe. Sasa sitaki watu wale wakanyage tena kwangu. Nataka pesa zangu zote zirudi, gharama ya kuzoa maramu na udongo huo, arubuni ya fundi, na barua ya kuomba radhi iliyoandikwa na msimamizi mwenyewe, imtaje na mama mkwe.

Nilifikiria kuwapa siku 14. Nawapa 7. Zikipita, tukutane katika Mahakama ya Madai Madogo hapa Kisumu, ambayo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na sitahitaji hata kutafuta wakili. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 nimeisoma, nanyi isomeni. Picha ninazo, risiti ninazo, na fundi yuko tayari kuja kusema alichokiona.

Na pimamaji mtailipa.

Mteja wenu,
Nyamasaria, Kisumu