Mchicha wa karatasi ya kijani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu mboga zinazouzwa kwa jina la "asilia", yaani zilizolimwa bila dawa wala mbolea za viwandani. Jumamosi iliyopita niliingia duka moja kubwa hapa Dar es Salaam. Kifungu cha mchicha, kimefungwa plastiki, kimebandikwa karatasi ya kijani: shilingi 2,500. Nikakirudisha. Nyumbani tuko sita, na hela ya mboga kwa siku haivuki 5,000.

Kilichoniudhi si bei peke yake. Karatasi ile haikuwa na alama ya Kilimohai, inayoonyesha kuwa zao limehakikiwa kweli ni la asilia, iliyozinduliwa mwaka 2007 pamoja na kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai. Neno "asilia" tu, basi. Nilipomuuliza kijana wa dukani nani kahakiki, akanijibu, "Mama, si unaona imeandikwa?"

Sasa matembele na mnafu nanunua kwa mama mmoja mwenye bustani mtaani kwetu. Anatia samadi ya mbuzi, wadudu anawapulizia maji ya mwarobaini, na majani yake yana vitundu. Vitundu hivyo ndivyo ninavyovitafuta! Fungu 500. Nilimuuliza pia maji anatoa wapi, maana samadi nzuri kwa maji ya mtaro ni kazi bure, akanionyesha kisima.

Nyanya bado zinanishinda. Zisizopigwa dawa masika sizipati, hivyo nanunua za kawaida, naziosha na kuzimenya.

Wahusika wapite madukani wazikague hizo karatasi za kijani.

Mama wa watoto wanne,
Dar es Salaam