Mwanangu, kimo ni kipi?

Mwanangu,

Sisi hatujambo, baba yako anakusalimu. Shangazi yako amenitumia kwenye simu picha ya karatasi yako ya jaribio. Maswali ya magazijuto, yale ya mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa, umepata yote, hongera, na mwandiko sasa unasomeka. Ila lile la eneo la msambamba, lile umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ni sambamba, limeninyima raha. Kitako sm 8, ubavu wa mlalo sm 5, kimo sm 4, nawe ukazidisha 8 kwa 5 ukaandika 40. Hiyo 5 mtungaji kaiweka makusudi, na kakupata.

Kimo ni kipi? Ni ule mstari uliosimama wima juu ya kitako, wenye kale kamraba kadogo kwenye kona. Ubavu ulioinama si kimo.

Chukua ganda la kiberiti, toa kile kijisanduku cha njiti, ulitazame mdomoni. Mstatili, sivyo? Sasa lisukume kwa kidole kwenye kona, taratibu. Linainama, mdomo unakuwa msambamba. Endelea mpaka lilale kabisa. Pande zake hazijafupika hata kidogo, lakini ndani haipiti hata njiti. Kama eneo lingekuwa ubavu mara ubavu, lisingepungua. Kilichopungua ni kimo. Omba kiberiti kilichoisha, usimwagie shangazi njiti jikoni.

Halafu chora ule msambamba wa jaribio, uukate. Shusha kimo kutoka kona ya juu, kata ile pembetatu ya pembeni (kitako chake kitakuwa sm 3), uihamishie upande wa pili. Unapata mstatili wa 8 kwa 4, na karatasi ni ileile. Sentimita za mraba 32. Kanuni yenyewe unaijua, Jumapili ulinitajia kwenye simu kama kasuku: kitako mara kimo. Tatizo lako ni kukitambua. Tena kuna wakati kimo kinachorwa nje ya umbo, kitako kimerefushwa kwa nukta nukta. Usibabaike, ndicho hichohicho.

Na mwalimu hukumuuliza kwa nini? Hapa nyumbani ulikuwa unauliza mpaka wakati wa kuanua dagaa. Huko kwa watu umegeuka bubu? Mtihani wa darasa la saba hauna shangazi wa kukunong'oneza. Kabla ya kuzidisha, weka kidole kwenye kimo.

Dagaa wa Kibirizi wiki hii hawajakauka vizuri, mvua haitupi nafasi ya kuanika, kwa hiyo nimewafungia migebuka wakavu. Wapo kwenye kiroba pamoja na soksi zako mpya. Mawese ni lita 5. Nimefunga mdomo wa dumu kwa nailoni, lakini msililaze. Yakiganda, yawekeni juani kidogo.

Ukipiga simu, shikamoo kwanza, halafu uniambie kimo ni kipi. Na dumu lirudi, ni la jirani.

Mama yako