Mhariri, risasi haiendi kilomita 350 kwa saa

Kwa Mhariri,

Salamu na pole na kazi. Ile habari yenu ya juzi ya wapiga shabaha niliisomea kwa kinyozi mpaka mtu akanipita kwa laini, ilikuwa tamu kusema kweli, lakini pale katikati mkaandika ati risasi ya bastola inaenda kilomita 350 kwa saa. Hapo mlichemka. Kinyozi wangu hajawahi shika bunduki maishani lakini aliniuliza hapo hapo, kwani risasi inaachwa na pikipiki? Na ako na haki ya kuuliza, zile pikipiki za MotoGP zimeshapita 360.

Ni mita 350 kwa sekunde. Zidisha na 3.6 utapata kilomita 1,260 kwa saa, na hiyo ndio spidi ya kawaida ya risasi ya milimita 9 ikitoka mdomoni mwa bastola. Sisi huko reinji, yaani uwanja wa kupigia shabaha, hata mita hatuongei, tunaongea futi kwa sekunde kwa sababu mashine zenyewe na vitabu vya sheria za mchezo vimezoea hivo, kwa hiyo hiyo 350 yenu kwetu ni kama 1,148. Makosa ya tarakimu hutokea, sina kinyongo.

Lakini swali lake la pili ndilo limenifanya nikae chini niandike. Akauliza, na nyinyi mnajuaje? Kuna mtu anasimama hapo na saa?

Zamani walitumia gogo. Mwaka wa 1742 Mwingereza mmoja anaitwa Benjamin Robins alieleza venye unaweza kuning'iniza kitu kizito kama bembea, ukakipiga risasi, ukaangalia kimerushwa nyuma kiasi gani, halafu ukapiga hesabu ukapata spidi. Siku hizi kuna mashine inaitwa kronografu, sisi tunaiita krono tu, na kwa sababu kila Jumamosi nikifika reinji ya Kirigiti lazima mtu aniulize anunue gani, wacha nijibu hapa mara moja halafu nikiulizwa tena nitakuwa natuma picha ya gazeti.

Ya kwanza yangu ilikuwa ile ya macho. Nilimnunulia jamaa wa South C aliyekuwa anauza vitu vyake, Sh9,000, ni kiboksi kina macho mawili yanaangalia juu, umbali kati ya jicho na jicho unajulikana, risasi ikipita juu ya jicho la kwanza kivuli chake kinawasha saa, ikipita la pili saa inazima, mashine inagawanya umbali kwa muda inakupa jibu. Kama macho yameachana futi moja na risasi ni ile ya 1,148 basi hiyo saa imehesabu muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa bei yake ni kitu cha ajabu. Shida yake ni moja, inaishi kwa mwanga, na mwanga haupangwi na mtu.

Hapa ndio nataka kukaa kidogo kwa sababu mambo ya huku kwetu huwezi kuyapata kwa karatasi ya maelezo iliyoandikwa na mtu wa mbali. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, saa sita mchana jua liko utosini, linaangalia ndani ya yale macho moja kwa moja, mashine inachanganyikiwa, risasi tano inasoma mbili. Ndio maana inakuja na vile vipande vyeupe vya plastiki vya kuweka juu kwa waya, watu wengi wanavipoteza au wanaviona ni urembo, usivipoteze, ndivyo vinatandaza mwanga. Mwezi wa saba sasa, ile baridi yetu ya Nairobi na mawingu ya kijivu kutoka asubuhi mpaka jioni ambayo kila mtu analalamikia, kwa krono ya macho hiyo ndiyo hali ya hewa ya mbinguni, mwanga ni sawa kila mahali, haikosi hata moja. Mbaya kabisa ni siku ya mawingu yanayokimbia, jua linatoka linajificha, unapata 1,130 halafu 1,190 halafu inakuandikia hitilafu, na wewe unaanza kulaumu risasi.

Na ukienda reinji ya ndani usijidanganye na zile taa ndefu za fluorescent. Stima yetu ni hezi 50, hiyo taa inapepesa mara 100 kila sekunde, jicho lako halioni lakini la mashine linaona. Uliza kama kuna taa maalum za LED za kuweka juu ya hiyo krono, kama hakuna rudi nyumbani na pesa yako.

Halafu kuna umbali. Hii ya macho inataka iwekwe mbele yako, kama futi 10 kwa bastola na futi 15 kwa bunduki kubwa, ukiikaribia sana ule upepo na moshi unaotoka mdomoni ndio unahesabiwa badala ya risasi. Pia lazima ikae sambamba na njia ya risasi, ukiiinamisha digrii 5 tu inakupunja kama futi 4 kwa kila 1,000. Sasa fikiria Jumamosi, watu kumi na wawili kwa laini wote wanapiga, na wewe unataka kutembea mbele yao uende ukanyooshe stendi kidogo. Haiwezekani. Lazima ofisa wa reinji aite sizifaya, kila mtu atoe magazini, aweke silaha chini, arudi nyuma, wewe uende, urudi, laini ifunguliwe tena. Mara ya kwanza watu wanatabasamu. Mara ya tatu hakuna anayekusalimia.

Na ndio, niliipiga. Wote tulio na krono za macho tumeipiga au tutaipiga. Ilikuwa siku nimebeba bunduki ya .22 yenye darubini, nikaangalia kwa darubini nikaona njia iko wazi kabisa juu ya macho, nikasahau kwamba darubini imekaa juu ya mtutu kama sentimita 5, mimi naona wazi kumbe risasi inapita chini ya penye naangalia. Jicho la kwanza kwisha. Sh9,000 ilienda na mlio mdogo sana, hata haukuniridhisha.

Kuna ya aina ya pili, ya kufunga kwa mtutu, MagnetoSpeed ndio jina watu wanalijua. Hiyo inafungwa chini ya mdomo wa mtutu kama kisu cha bunduki za askari, inahisi chuma ya risasi ikipita kwa sumaku, haijali jua wala giza wala mvua, na huhitaji kutembea mbele ya mtu. Kwa mwenye bunduki ndefu ni nzuri. Lakini kitu kizito kikining'inia kwa mtutu kinabadilisha penye risasi inagonga, kwa hiyo siku ya kupima spidi usijidai unapima na shabaha pia. Na wengi wetu wenye leseni hapa Nairobi tuko na bastola, sasa hiyo utaifunga wapi kwa bastola fupi? Nimeona mtu akijaribu na utepe wa gundi. Wacha tu.

Ya tatu ni rada. LabRadar ndio ilifanya watu wa kawaida wajue inawezekana, ile ya kwanza ni kiboksi bapa kikubwa cha rangi ya machungwa, unaiweka kando yako kwa meza, inatuma mawimbi ya redio, yakigonga risasi yanarudi yamebadilika kidogo na kutoka kwa hayo mabadiliko inajua spidi. Hata inaifuata risasi ikienda na kukuonyesha venye inapunguza mwendo. Tatizo lake inataka kuelekezwa sawasawa kwa shabaha, na inaamshwa na mlio, kwa hiyo jirani yako akipiga yeye, yako inaamka inatafuta risasi ambayo haipo. Kwa laini iliyojaa ni vichekesho.

Halafu mwisho wa 2023 Garmin wakatoa Xero C1 Pro, na hapo ndio mambo yalibadilika kabisa, kitu kinatoshea kwa kiganja, unakiweka pembeni ya silaha, unakiambia ni bastola au bunduki, basi. Hakuna stendi mbele, hakuna kusubiri wingu, hakuna sizifaya. Bei ilipotoka ilikuwa dola 600 hivi, kwa dola ya Sh129 hiyo ni kama Sh77,000 kabla hujalipa usafiri na ushuru na VAT ya 16 kwa mia. Athlon nao wameingia na yao ya namna hiyo kwa bei ya chini kidogo. Mzigo wetu ulikaa siku 19 penye mizigo hukaa kwa sababu mtu alisoma neno risasi kwa maelezo akadhani ni risasi zenyewe, tukaenda na picha tukaeleza ni kipima mwendo kama cha polisi wa barabarani, wakacheka wakatupatia. Ukiagiza mwambie muuzaji aandike vizuri.

Nasema wetu kwa sababu sikuinunua peke yangu, na hili ndilo jibu langu kwa wote wanaoniuliza. Usinunue ya kwako. Mtu mmoja anahitaji krono labda mara nne kwa mwaka, akibadilisha aina ya risasi, akipata silaha mpya, au kabla ya mechi. Sisi tulijikusanya watu 20, kila mtu Sh5,000 kama chama cha akina mama, mashine inakaa kwa mweka hazina, anayeitumia anaandika kwa daftari, na anairudisha ikiwa na chaji. Kama uko peke yako shambani huko mbali na hakuna laini ya watu, basi ya macho inakutosha kabisa, usione haya, nunua na vile vipande vyeupe viwili vya akiba. Lakini kwa reinji ya watu, rada moja ya wengi.

Kuna mtu atasema hii yote ni ya nini, si lengo ni kugonga karatasi. Sawa, lakini kwa mechi za IPSC, lile shirikisho la kimataifa la wapiga shabaha, wanachukua risasi zako chache, wanapima uzito wa kichwa, ile chuma inayoruka, kwa greni, kipimo kidogo cha uzito, wanazidisha na futi kwa sekunde, wanagawa na 1,000, na lazima ufike 125. Kichwa cha greni 124 kinahitaji futi 1,009. Ukitoa 1,000 kamili umepata 124, na hiyo siku unapiga bila alama, nauli na kiingilio vimeenda. Na usiamini ile namba ya paketi, hiyo ilipimwa kwa mtutu wao wa majaribio, yangu paketi ilisema 1,150, bastola yangu fupi ikatoa 1,062.

Tena usipime risasi tatu ukakimbia kuambia watu. Piga kumi. Ukipiga tatu zikakaribiana ni bahati tu, kwa kumi ile tofauti ya kubwa na ndogo huwa kama mara tatu ya mtawanyo wa kawaida, yaani vile namba kwa kawaida zinaachana na wastani, na ndio unaanza kujua risasi zako zina tabia gani. Na uzitoe kwa gari mapema. Risasi zilizokaa kwa dashibodi juani baruti imepata moto, zitasoma juu kuliko zile zilizokaa kivulini.

Halafu kuna hii ya ati huku juu Nairobi risasi inatoka kwa spidi kuliko Mombasa kwa sababu hewa ni nyepesi. Nimeisikia mpaka kwa watu wazima na leseni zao. Mdomoni inatoka karibu sawa tu, baruti haijui iko mita 1,795. Kinachobadilika ni huko mbele, hewa nyepesi inaizuia kidogo, inashikilia mwendo wake mbali zaidi. Kama unabisha njoo Jumamosi na paketi mbili, moja tutapima hapa, nyingine utaenda nayo Pwani, na krono utaniachia kitambulisho.

Masahihisho mkichapisha naomba yawe pale pale ukurasa wa michezo, kinyozi hasomi ule mwingine.

Mpiga shabaha wa Jumamosi,
Kasarani, Nairobi