Barua kwa mwanangu: Mwanakombo na mdogo wake

Mwanangu Shamsa,

Assalaam alaykum. Huku Langoni hatujambo, babako anakusalimu na kukuombea ujifungue salama. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, nikaona hili si jambo la kujibiwa kwa simu, wewe uko jikoni na mimi watoto wa chuo changu cha Kurani wananivuta leso. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nimekuelewa hivi. Mtoto ni wa kike, inshallah. Mumeo amelipenda jina la Aylin, na wewe pia limekuingia moyoni. Linalokukosesha usingizi ni kwamba mashoga zako wa Mombasa wamekwambia majina ya ndugu sharti yaoane, na Aylin na Mwanakombo hayaoani: moja linatoka kwenye tamthilia ya Kituruki, jingine ni la mabibi wa Lamu. Kwa hiyo unafikiri kuanza kumwita Mwanakombo "Kaylin", nyumbani na shuleni, ili wakitajwa wawili wapendeze.

Nianze na hilo la mwisho kwa kuwa ndilo lililonichoma. Mwanakombo usimguse. Mtoto ana miaka mitano, jina lake analijua na analiitikia. Sikukuu ya Idi mlipokuja aliliandika kwa chaki kwenye ubao wangu wa chuoni, herufi zote kumi, K imegeukia nyuma, akatuzuia tusilifute mpaka babu yake arudi kutoka msikitini alione. Mtoto wa namna hiyo utamwambiaje kwamba jina lake limepungua kwa sababu kuna mwenzake anakuja? Mdogo hajazaliwa bado, na tayari mkubwa amenyang'anywa kitu. Wivu wa mtoto wa kwanza unatosha wenyewe, usiuongezee sababu.

Tena jina lile si lenu peke yenu. Ni la mavyaa wako. Mumeo alisema kwa kinywa chake kwamba binti wa kwanza atachukua jina la mamake, na mpaka leo nimemwona hathubutu kulitaja kwa ukali. Mtoto akimwaga uji, baba mtu anamwita "mama" na kumsihi kwa upole. Ukimgeuza kuwa Kaylin, yule bibi atakaa kimya kwa adabu, lakini atajua. Wako wanaoliona la kizee. Hapa kwetu Mwana lilikuwa jina la wanawake waliotajwa kwa heshima: Mwana Kupona binti Mshamu, alipomuusia bintiye kwa tungo mwaka 1858, binti mwenyewe alikuwa Mwana Hashima. Mjukuu wangu hana la kuonea haya.

Sasa swali lenyewe, kama ndugu wanapaswa kuwa na majina ya aina moja. Sikatai kwamba kuna uzuri ndani yake. Sayyidna Ali na Bi Fatuma waliwapata Hasan na Husein, majina yanayoitikiana, na mpaka leo pwani nzima pacha wa kiume huitwa hivyo. Lakini angalia mabinti wa nyumba ile ile: Zainabu na Ummu Kulthumu. Hayo hayakutafutiwa mlio. Yalikuwa majina ya mama zao wakubwa, dada za Bi Fatuma, mabinti wa Mtume. Basi baba mmoja na mama mmoja, wavulana majina yao yameoana kwa sauti, wasichana yameoana na jamaa zao waliotangulia.

Na hili la pili ndilo la watu wengi wa kwetu, si Waislamu tu. Utakumbuka majirani zetu Wagiriama tulipokaa Malindi. Kwao mara nyingi mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wanaomfuata hupewa majina ya ndugu wa babu huyo. Akina Katana, Karisa na Kenga wa leo wanarudisha akina Katana, Karisa na Kenga wa zamani. Hakuna anayekaa kujiuliza kama Karisa linapendeza pembeni ya Kenga, kwa kuwa wenye majina hayo walishakuwa ndugu zamani. Mimi nilikuwa nikiyasikia yakiitwa jioni upande wa pili wa ua, na nilipenda sana kuona kizazi kizima kinarudi hivyo. Hata nyumbani kwetu wewe ni Shamsa, kakako Lali, mdogo wenu Muhamadi, dada yenu Mwanaharusi. Majina ya Kiamu, ya Kiarabu, yote yamo, na sijamsikia mtu akisema hamfanani.

Kuna jambo jingine ambalo mashoga zako huenda hawajalifikiria. Mzungu ndugu zake wanashiriki jina la ukoo, basi. Kila mmoja ana majina yake mengine. Sisi mtoto anafuatwa na jina la baba, kisha la babu. Majina ya pili na ya tatu ya watoto wako yatakuwa yale yale kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, kila karatasi. Kinachomtenga huyu na yule ni jina la kwanza tu. Ukilifanya nalo likaribiane, umebakisha herufi moja mbili zibebe mtu mzima.

Hilo naliona kila siku. Nina wavulana wawili wa mama mmoja, Rayan na Rayhan, wamepishana mwaka na kitu. Nikiita mmoja wanakuja wote na juzuu zao, au haji hata mmoja kwa kuwa kila mmoja anadhani ameitwa mwenzake. Hapo tunacheka. Hatukucheka pale kliniki moja ilipomwandikia mdogo chanjo kwenye kitabu cha mkubwa. Mama yao aligundua alipofika nyumbani na kuvifungua vitabu vyote viwili, akarudi mbio juani kwenda kurekebisha. Muuguzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni mpaka mlangoni na majina mawili ambayo jicho lililochoka haliwezi kuyatenganisha. Wewe una Mwanakombo. Jina hilo halichanganyiki na lolote duniani. Mdogo wake ataishi vizuri pembeni yake kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo sauti za majina mimi hazinishughulishi sana. Linalonishughulisha ni uzito. Unaijua hadithi ya Nu'man bin Bashir, nilikufundisha mwenyewe. Babake alitaka kumpa zawadi, akaenda kwa Mtume amshuhudie. Mtume akamuuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wa hiyo. Akasema hapana. Akaambiwa amche Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Jina ni katika zawadi za mwanzo mtoto anazopewa na wazazi wake, na hii atatembea nayo mpaka kaburini. Mwanakombo akiuliza kwa nini anaitwa hivyo, ataambiwa habari ya bibi yake, alikozaliwa, alivyosuka mikeka, alivyomlea babake. Siku moja mdogo naye atauliza. Utamwambia nini? Kwamba babako aliliona kwenye televisheni usiku mmoja? Hapo ndipo nitakaposema majina hayaoani: mmoja amepewa watu, mwingine amepewa mlio tu.

Usinielewe vibaya, sipigani na majina mageni. Salma na Rukia nayo yalifika hapa kwa bahari. Kama Aylin lina sababu kwenu, kama mumeo ana jambo linalomfunga nalo ambalo hujanieleza, basi niambieni na nitakuwa wa kwanza kumbembeleza kwa jina hilo. Lakini kama ni kupendeza tu, tafuteni mtu. Mkubwa amebeba jina la upande wa baba, kwa hiyo ni haki mdogo abebe la upande wetu. Langu silidai, wala sitaki ulichukue kwa kunionea huruma. Yupo shangazi yako Zainabu, aliyekulea nilipolazwa, ambaye hakujaaliwa mtoto wa kumzaa. Yupo mamangu, Mwana Idi. Zainabu ni fupi, linatamkika Mombasa, Nairobi na popote watakapokwenda kusoma, na mtu akiwaita Mwanakombo na Zainabu kwenye kichochoro hakuna atakayekosea. Mimi, ukiniuliza, hilo ndilo ninalolipenda. Shangazi yako sijamgusia, asije akatumaini bure.

Ongea na mumeo vizuri, si kwa kushindana. Yeye ndiye baba, na jina mlitoe wawili. Siku ya saba ndipo tunapochinja na kumnyoa, na mbuzi mmoja wa mtoto wa kike mjomba wako ameshaniahidi, kwa hiyo nijue kabla ya hapo. Cheti cha kuzaliwa kishughulikieni mapema, miezi sita isipite, maana ukichelewa utazungushwa. Na mwambie mwandishi alitamke jina mbele yako na ulione limeandikwaje kabla hujatia sahihi. Majina ya kwetu huandikwa kila mtu anavyosikia, na kulirekebisha baadaye ni kazi.

Maji ya kunywa usipunguze, na ngazi za ghorofa hiyo zipande taratibu. Mwambie Mwanakombo ubao wake nimeuweka, na kwamba likizo ikija nitamfundisha kuandika jina la mdogo wake pia, lolote mtakalochagua.

Wasalaam,
Mamako
Langoni, Lamu