Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kufuli

Wamama, wadada, na ninyi wababa wachache mnaolipa mchango mapema kutushinda sisi wenyewe,

Nianze na kufuli, maana ndilo mnaloniuliza kila nikipita soko la Kenya, mtaa wetu huu wa Lubumbashi.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano wasichana wetu wa timu ya mpira walifika uwanjani saa tisa kama kawaida, mipira ikiwa ndani ya mfuko wa mchele, wakakuta mnyororo mpya mlangoni. Ulikuwa mpya hasa, bado unang'aa kwa mafuta ya duka. Mlinzi, mzee mwenye adabu zake, alisema ameagizwa asifungue. Nikamwendea mwenye uwanja. Akaniambia wasichana wanaharibu majani. Uwanja ule mnaujua: jani la mwisho lilikufa kabla mjukuu wangu hajazaliwa. Ni udongo mwekundu mtupu, na wakati wa kiangazi tunarudi nyumbani nywele zina rangi ya tofali. Nilipomkumbusha hayo, akageuza maneno: watu wamezidi, wauza karanga wanaingia, wazazi wanapiga kelele. Kisha akauliza pesa tunazochangisha zinakwenda wapi. Tulipokuwa tukicheza mbele ya mbuzi watatu, hakuna aliyetufungia wala kutuuliza hesabu.

Kweli watu wamezidi, na chanzo chake tunakijua. Tarehe 23 Novemba 2024, kule El Jadida, Moroko, wanawake wa TP Mazembe, klabu ya mji wetu, waliifunga AS FAR ya Moroko bao 1-0, kwa penalti ya Marlène Kasaj, wakaleta Lubumbashi kombe la Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Sisi tuliokuwa kwa mama mmoja pale Katuba umeme ulituacha katikati ya mchezo, tukaumalizia kwenye simu ya mtoto wake, vichwa kumi juu ya kioo kimoja. Tangu usiku ule wasichana wameongezeka kila wiki. Mipira haikuongezeka.

Katika kikao cha mwezi wa saba, tumeizunguka mbabula, jiko la makaa, kwa ile baridi, katibu wetu alitusomea habari za timu moja ya wanawake ya Uingereza, Dick, Kerr Ladies. Wengine mlisinzia, nawajua kwa majina. Nairudia hapa kwa ajili yenu.

Dick, Kerr kilikuwa kiwanda katika mji wa Preston. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia wanaume walikuwa vitani, wanawake wakaingia kiwandani kutengeneza risasi na makombora. Saa ya mapumziko walipiga mpira uani na vijana wa kazi. Sisi tuliozaliwa chini ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, hatuhitaji kuelezwa mpira wa kiwandani unavyoanza. Mwaka 1917 wakawa timu, na siku ya Noeli ya mwaka huohuo wakacheza katika uwanja wa Deepdale mbele ya watu 10,000, wakashinda 4-0. Mapato yalikwenda kwa askari majeruhi. Tarehe 26 Desemba 1920 walicheza na St Helens pale Goodison Park, Liverpool, na watu 53,000 waliingia. Maelfu wengine walibaki nje. Chukueni uwanja wa Mazembe pale Kamalondo, mujaze karibu mara tatu.

Mwaka haukupita. Tarehe 5 Desemba 1921 wakubwa wa chama cha mpira cha Uingereza walisema mchezo huu haumfai mwanamke, wakazikataza timu zao kuwaazima wanawake viwanja. Na wakaongeza kwamba pesa za misaada hazitumiki zote kwa misaada. Hapo Mama Trezorie, mtunza hazina wetu, aliruka kwenye kiti: «Huyu wetu wa kufuli amesoma kitabu chao!»

Wanawake wale hawakuacha. Walicheza popote walipopata, na mwaka 1922 walivuka bahari hadi Marekani, wakacheza na timu za wanaume. Winga wao, Lily Parr, aliyejiunga nao akiwa msichana mdogo, alikuwa muuguzi katika hospitali ya wagonjwa wa akili huku akiendelea kufunga mabao. Timu ilivunjika mwaka 1965. Katazo liliondolewa mwaka 1971. Miaka sita ile imenikaa moyoni kuliko yale mabao yote.

Ndiyo maana msimamo wangu katika mkutano mkuu ni huu, na anayeupinga aje aupinge mbele yangu, si kwenye foleni ya taksi-bisi. Wapo kati yetu wanaotaka tuchange tununue kiwanja Ruashi. Mimi nasema bado. Pesa hizo hatuna, na ardhi ya mji huu ina wenyewe watatu kila kipande. Ninachotaka ni karatasi. Wenzetu wa Preston walijaza viwanja vya kuazima, na cha kuazima kinarudishwa siku mwenyewe akitaka. Kwa sasa parokia moja imetupa Jumanne na Ijumaa, kwa mdomo. Naomba mwaka ujao tuwe na mkataba wenye saini na muhuri.

Kuhusu hazina nitasema kidogo. Mipira ni mitatu, mmoja umeshonwa na fundi viatu na unakwenda upande. Likelemba, mchango wetu wa kupokezana, imezunguka bila ugomvi. Nusu ya wanachama hawajamaliza mchango. Daftari litawekwa mezani Jumapili, kila ukurasa, hadi risiti ya chokaa ya kuchorea mistari, na mgeni yeyote anakaribishwa kulifunua, hata mwenye kufuli.

Jambo la mwisho. Tunajua ya Preston, ya kwetu hatujayaandika. Nimeombwa nilete picha ya timu yetu ya kwanza, ile tuliyopiga bukari, ugali wetu, bado iko motoni. Nimekaa nayo jioni nzima. Wa nne kutoka kushoto, mwenye soksi moja na viatu vya kaka yake, jina limenipotea, na dada wawili niliowauliza wamenipa majina mawili. Nitakuja nayo Jumapili. Anayemjua aandike nyuma, kwa penseli tafadhali. Wino unatokea upande wa pili.

Aksanti,
Mwenyekiti wenu
Lubumbashi