Seva ikizimwa, kundi nalo linakwenda

Mhariri,

Naona watu wanavyosifia Mastodon, Lemmy na wenzao, yaani mitandao ya kijamii isiyo ya kampuni moja, kwamba huko hamna bosi, yeyote anawasha seva yake (kompyuta inayotunza akaunti na posti za watu) na seva zote zinaongea, kwa hiyo eti mtandao haufungiki. Sawa, mtandao wenyewe haufungiki. Ila wewe hukai kwenye mtandao, unakaa kwenye seva ya mtu, na seva za watu zinafungwa tena sana tu.

Nyingi zinaendeshwa na mtu mmoja au wachache wanaojitolea, bili wanalipa mfukoni au kwa michango, alafu usiku wanakaa kusoma ripoti za matusi na picha chafu ambazo sisi hatuzioni kwa sababu wao wameshazifuta. Mtu anachoka jamani. mastodon.lol ilifungwa 2023 mwenyewe akisema chuki zimemshinda, na lemm.ee, moja ya seva kubwa za Lemmy, ikazimwa mwisho wa Juni 2025 maana timu ilishaishiwa nguvu. Hata jina kubwa sio kinga, Mozilla, wale wa kivinjari cha Firefox, walizima seva yao ya mozilla.social Desemba 2024. Wale wa queer.af ndo kabisa, jina lao liliishia na .af ya Afghanistan, Februari 2024 utawala wa Taliban ukalisimamisha, basi.

Sasa kuna wale wa "si unahama tu". Unahama, ndiyo, ila kwenye Mastodon amri ya kuwahamisha wafuasi inatoka kwenye akaunti ya zamani, kwa hiyo seva ikishakufa hamna wa kuituma, unaanza sifuri. Na posti hazihami kabisa. Unaweza kushusha faili la posti zako, lakini seva mpya hailipokei, alafu ndani mna maneno yako tu, majibu ya wenzako hayamo. Unafungua unakuta umeandika "asante sana, imekubali", nani alikusaidia na alikwambia ubonyeze wapi, hujui tena. Na ule msaada ndo ulikuwa kundi lenyewe.

Lemmy, ambako watu wanajadiliana kwenye makundi, naona ni mbaya zaidi. Kundi lina seva yake ya nyumbani, na kila kinachoandikwa kinapita hapo kwanza ndo kinasambazwa. Hapo pakifa, nakala za zamani zinabaki kwenye seva nyingine, zinasomeka vizuri tu, hata sehemu ya kuandika ipo, mtu anaandika swali lake kumbe haliendi popote nje ya seva yake, anakaa anashangaa mbona watu wamekuwa kimya.

Alafu kuna jambo wengi hawalijui. Mastodon ina amri ya kufunga seva kistaarabu, ambayo inaziambia seva nyingine zote zifute akaunti za pale. Yaani anayefunga kwa adabu anafuta mpaka nakala zilizokuwa kwa majirani, na yule anayechomoa waya na kupotea ndo anaacha posti zinaelea huko bila mwenyewe! Mi bado sijui nani kati yao ana afadhali.

Mastodon wenyewe wanataka seva zilizo kwenye orodha yao ya seva za kujiunga zitoe taarifa miezi 3 kabla ya kufunga. Ni kitu kizuri, ila seva isiyo kwenye orodha haijaahidi chochote, na hata iliyoahidi ikipokonywa jina haina la kufanya. Kwa hiyo kabla ya kujiunga uliza wangapi wana funguo za hiyo seva na nani analipa bili, na kama ni mtu mmoja tu basi jua hivyo na ushushe orodha ya unaowafuata mara kwa mara.

Na nyie wasimamizi wa makundi, kubalianeni sasa hivi mtakutana wapi ikizimwa, muiandike juu kabisa kila mtu aione, maana siku seva haifunguki hamtakuwa na pa kuliweka hilo tangazo.

Msomaji wenu